Chombo Hakirudi Kitupu

Watu hufurahi kampuni yao inapokua. Yetu ilipokua, mimi nilianza kuumwa tumbo. Sitii chumvi. Kila tulipopata mteja mpya tumbo lilinivuruga siku mbili, na mama akanichemshia mwarobaini akidhani ni amiba. Haikuwa amiba. Ilikuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na sura ya mtu mmoja: mdogo wangu wa kiume, mvuvi wa Makoko, ambaye alikuwa ameanza kuamini kila nililosema.

Tulianza watu watatu katika chumba kimoja Mwisenge, mjini Musoma, nyuma ya duka la fundi cherehani. Mkurugenzi wetu alikuwa mtoto wa muuza vitambaa wa Bunda, amesoma hesabu mpaka akachoka kuajiriwa. Wa pili alikuwa fundi wa kompyuta, zamani mtengeneza simu sokoni, mtu asiyefungua kinywa ila umeme ukikatika, na akikifungua utatamani akifunge. Wa tatu mimi, niliyesomea hali ya hewa nikarudi nyumbani kwa sababu ambazo mama hajaacha kuniuliza. Tulikuwa na kompyuta sita za mtumba. Fundi aliziunganisha kwa nyaya zikafanya kazi kama moja, akazipanga kwenye rafu ya mbao, akazielekezea feni mbili. Hata hivyo joto la chumba kile lilitosha kukausha dagaa.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza modeli ya angahewa, yaani kuiga hewa ya kweli ndani ya mashine. Anga yote, kuanzia visiwani mpaka ng'ambo ya vilima vya Butiama, tuliigawa katika vyumba vidogo visivyo na kuta. Kila chumba tulikipa upepo wake, joto lake na unyevu wake, kisha tukaiuliza mashine: saa moja ijayo patakuwaje hapa? Na inayofuata? Mashine ilikokotoa mpaka alfajiri, ndipo ikatupa jibu. Mkurugenzi alihangaikia vibali mpaka viatu vyake vikaisha soli, lakini alivipata, na tukaruhusiwa kuwapa ushauri watu waliojiandikisha kwetu.

Fundi cherehani hakutuelewa hata kidogo. Kila asubuhi alitusalimu, "Waganga wa mvua, mmeamkaje?"

"Hatupigi ramli, tunakokotoa," nilimjibu.

"Sawa, kokotoeni. Sasa leo nianike au nisianike?"

Nilimwambia aanike, naye akaanika. Siku tulizokosea, kosa letu lilikuwa shuka za mtu kulowana, na adhabu yake ilikuwa kutaniwa mpaka jioni. Nilikuwa na amani sana wakati ule na sikujua.

Kisha tukaanza kupatia. Mnunuzi wa pamba wa Bunda, rafiki wa baba yake mkurugenzi, alitaka kujua siku za kuacha marobota nje na siku za kuyafunika. Tulimpatia msimu mzima. Wanawake wanaoanika dagaa ufukweni wakajiandikisha, maana dagaa wakinyeshewa wakiwa juu ya mchanga hawafai tena hata kwa kuku. Tukaanza kutuma ujumbe wa simu kila siku alfajiri, maneno machache tu, kwamba mvua ipo au haipo, upepo upo au ziwa ni shwari. Tukafungua ofisi ya pili Bunda, tukaajiri, tukawa watu tisa. Mkurugenzi akachora nembo yenye wingu na mstari wa mawimbi, akaipaka ukutani kwa rangi ya bluu. Fundi cherehani akasema wingu lile limekaa kama maandazi.

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kukubali. Alikuwa na mtumbwi wa injini na vibarua wawili, akitega nyavu za sangara jioni na kwenda kuzitoa alfajiri. "Dada," aliniambia, "huo upepo unaujuaga vipi na wewe umejifungia ndani? Mimi nauona. Naunusa." Ni kweli alikuwa anaunusa. Tangu utotoni alikuwa akitoka nje anasimama akiwa na tumbo wazi, anaangalia juu, anaangalia ndege wanakaa upande gani, analamba kidole, halafu anasema leo twende au leo tulale. Baba alimfundisha hayo kabla hajafariki, na mimi hakunifundisha kwa sababu nilikuwa nasoma.

Asubuhi moja ujumbe wetu ulisema upepo mkali kabla ya saa tatu. Juu palikuwa peupe pe. Mdogo wangu alikasirika, akabishana na simu yake, lakini mama akamshika shati. Akabaki. Wenzake waliocheka wakatoka, na saa mbili na nusu upepo ukawashukia. Walirudi wazima, ila mitumbwi miwili ilipasuka na nyavu zikaenda na maji.

Kuanzia siku ile mdogo wangu akawa mhubiri wetu. Alizunguka ufukwe mzima akiwaandikisha watu. "Dada yangu yuko na kitu kule Mwisenge kinajua mpaka dakika," aliwaambia. Wavuvi wakaja kwa makumi. Mkurugenzi alifurahi, akaninunulia soda. Mimi sikuimaliza.

Mama ndiye aliyelisema jambo lililokuwa linaniumiza bila jina. Nilikwenda kumsalimu Makoko, akawa anachambua mchicha, akasema bila kuinua uso, "Mwanangu, huyu ndugu yako haangaliagi juu tena."

"Kivipi, mama?"

"Haangalii. Anaamka, anashika simu, anasoma, anaenda. Juzi wingu limesimama hapo mbele yake, yeye anasoma simu amelipa mgongo."

Nilijaribu kucheka. Nilimwambia ndiyo maendeleo hayo. Lakini kesho yake alfajiri nilikwenda ufukweni makusudi, nikajibanza nyuma ya banda la nyavu, nikamwona kwa macho yangu. Mdogo wangu alisimama akiwa ameupa ziwa mgongo ili mwanga usimsumbue kusoma, akasoma ujumbe niliouandika mimi, akautia mfukoni na kuwaambia vibarua wake, "Shwari. Sukumeni." Hakugeuka hata mara moja. Tangu siku ile nikaanza kulala vibaya, na kila alfajiri kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma nilisoma jibu la mashine mara tano, sita, mpaka fundi wa kompyuta, asiyesema, akasema, "Dada, litaisha wino."

Hofu ilinifanya niwe mkali kazini. Nilimwambia mkurugenzi kwamba modeli yetu inaona vizuri juu ya ziwa lakini haioni vilimani, na mawingu mengi mabaya hutokea upande wa mashariki, yanapita vilima vya Butiama ndipo yanashuka ziwani. Hatukuwa na kipimo hata kimoja kule. Tulihitaji mvua ya kweli, iliyopimwa, ili kila wiki tuilinganishe na mvua ya mashine na kuirekebisha. Akakubali. Tukatengeneza vipimo rahisi: nguzo fupi, faneli pana juu, na chini yake dumu la lita tano. Mvua inaingia kwenye dumu wiki nzima. Wiki ikiisha nachukua dumu, naacha lingine, narudi nalo ofisini kupima.

Kule vilimani nilitafuta kaya tatu za kuweka vipimo. Wa kwanza kukubali alikuwa bibi mmoja wa Mwitongo, Butiama, mjane, macho yake yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Nilimpenda siku ile ile. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanisikiliza nikieleza habari za mashine na vyumba vya hewa, kisha akasema, "Kwa hiyo kazi yangu ni kulinda dumu."

"Ndiyo, bibi. Mbuzi asiliangushe, watoto wasichezee."

"Hilo naliweza."

Alipolikubali yeye, majirani zake wawili nao wakakubali, na walifanya kila alichofanya yeye. Kila wiki nilikwenda kwa pikipiki ya kampuni, ambayo nilijifunza kuiendesha nikiwa mtu mzima na ambayo mpaka leo naiogopa. Bibi alikuwa ameshalitoa dumu chini ya faneli, amelifunga kifuniko, amelipangusa vumbi. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nampelekea sukari au dagaa katika kibakuli cha mama, na kibakuli kile kilirudi kwa mama na karanga, au mayai, au viazi vitamu vimefunikwa kwa kitambaa.

Hapa niseme jambo ambalo mtu wa kwetu halisemi kwa sababu kila mtu analijua. Jirani akikuletea kitu kwenye chombo, chombo hakirudi kitupu. Awe Mkristo wa kijijini au Mwislamu wa mjini Bunda, hilo halina mjadala. Unaweka chochote, hata konzi ya mtama, hata chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Na wewe unayerudishiwa hufunui mbele ya mtu. Kufunua ni kumwambia, hebu nione umenipa kiasi gani. Unapokea, unashukuru, unafunua kwako. Mama alinichapa kofi la mkono nikiwa na miaka sita kwa kuchungulia bakuli la jirani hali mwenyewe yuko mlangoni.

Kwa hiyo sikufungua dumu hata moja mbele ya bibi. Nilipokea, nikashukuru, nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikapima ofisini. Kila wiki palikuwa na kitu, wiki za mvua kingi, wiki za ukame kikombe hivi au kikombe na nusu. Nilishangaa kidogo. Nikajiambia vilima vina mvua zake, ndiyo maana watu wa Butiama wanapata migomba. Madumu ya majirani yalikubaliana na dumu la bibi, na namba zikikubaliana mtu anayefanya kazi yangu hupata usingizi. Nilikuwa nautafuta usingizi. Nikaziandika.

Mashine nayo ikajifunza. Ilijifunza kwamba wingu likitoka mashariki humwaga sehemu kubwa ya maji yake vilimani, hata wakati wa kiangazi, na kwamba likifika ziwani huwa limeishiwa. Kwa miezi mitano tuliipunguzia nguvu mvua ya ziwani, kidogo kidogo, kila wiki. Wateja walifurahia habari za shwari. Hakuna anayelalamikia shwari.

Mwaka ule vuli ilichelewa. Asubuhi ninayoikumbuka nilituma ujumbe kama kawaida: mawingu vilimani, ziwa shwari hadi mchana. Kisha nikapanda pikipiki kwenda Mwitongo. Njia nzima ilikuwa vumbi. Mihogo imekunja majani, ng'ombe wanalamba mawe. Nilifika saa mbili na dakika chache, nikamsalimu bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua."

Akanikabidhi dumu kwa mikono miwili. Kifuniko kilikuwa na ufa, na nilipolipakata maji yakanichuruzikia kwenye sketi. Yalikuwa ya baridi, na yalinuka moshi na udongo, harufu ya mtungi uliofukizwa. Nilisimama pale na sketi yangu imelowa, nikaangalia uwanja wa bibi. Ulikuwa umepasuka nyufa mtu angeweza kuingiza kidole.

"Bibi, mvua imenyesha hapa wiki hii?"

"Mvua ipi? Tangu mwezi uliokwisha hatujaona hata tone."

"Na haya maji?"

Akacheka, mkono ukifunika mdomo. "Sasa nikurudishie dumu tupu? Mimi nililelewa wapi? Huwa naweka kikombe tu, cha kuondoa aibu. Na wenzangu nimewaambia wafanyege hivyo hivyo, msije mkasema watu wa huku hawana adabu."

Wakati huo huo jua lilizimika. Nilitazama juu, na wingu lilikuwa limeshatufunika, jeusi, zito, limetoka mashariki kama modeli yetu ilivyosema. Mashine ilikuwa imepatia kila kitu mpaka hapo. Upepo ukapiga, vumbi likainuka, kuku wakakimbilia ghalani, bibi akashika kitenge chake. Nilimwomba Mungu, nakumbuka maneno yenyewe: nyesha hapa, tafadhali, nyesha hapa. Nilisimama nimekinga kiganja. Wingu lilipita juu yetu lote zima, na halikuangusha tone hata moja. Lilikuwa linaelekea ziwani na maji yake yote, na mdogo wangu alikuwa huko kwa neno langu.

Nilimpigia. Hapatikani, kama ilivyo kawaida wakiwa mbali na nchi kavu. Nikampigia mkurugenzi.

"Futa ujumbe wa asubuhi. Waambie watu watoke majini, sasa hivi."

"Dada, mashine inasema shwari."

"Mashine tumeidanganya sisi. Vilimani hakunyeshagi kiangazi. Hakujawahi kunyesha. Yalikuwa maji ya mtungi!"

"Maji ya nini? Ngoja basi tuiendeshe upya, tuone inasemaje."

"Itachukua saa mbili! Wingu halikungoji wewe!"

Kisha akasema polepole, na simlaumu, kwa sababu nilishawahi kuwaza hivyo hivyo, "Tukigeuza neno leo, kesho nani atatusikiliza?"

"Mdogo wangu yuko majini."

"Wallahi," alisema. "Natuma."

Nikampigia mama nikamwambia aende ufukweni. Akaniuliza kulikoni, si tulisema shwari? Nikasema, "Mama, tumekosea." Nilisikia simu imewekwa juu ya meza bila kukatwa, halafu kandambili zake zikikimbia. Mama yangu ana goti bovu. Sikuwa nimewahi kumsikia akikimbia.

Sikumuaga bibi. Niliondoka na dumu likiwa bado mikononi, nikalitupia kwenye kikapu cha pikipiki, nikalifukuza wingu. Lilikuwa mbele yangu njia nzima, chini yake peusi na pembeni peupe, na nilivyozidi kukaza mafuta ndivyo lilivyozidi kunitangulia. Nilikuwa nalia na kutukana. Nilimtukana bibi, nikajirudi, nikajitukana mimi. Karibu na Musoma niliikuta mvua yake barabarani, matone makubwa yanayouma, na lami ikiwa na maji kama mfereji. Nilipofika Makoko upepo ulikuwa umeezua banda la nyavu.

Ufukweni palikuwa na watu wengi. Mitumbwi iliyokuwa karibu iliupata ujumbe wa pili ikarudi, na wenyewe wamesimama wanatweta, wengine wameshika simu bado. Mwanamke mmoja alinishika mkono akanishukuru. Nilimtazama kama mwehu. Nilikuwa natafuta mtumbwi wenye mstari mwekundu, na haukuwepo. Mama alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, kanga imeng'ang'ania mwilini. Nikaingia majini nikasimama karibu naye. Saa tano mvua ikakatika. Saa sita jua likatoka, ziwa likatulia, likawa shwari kweli, shwari ya kukufanya ulichukie. Wanaume wakatoka na mitumbwi mitatu kutafuta.

Walimleta saa nane. Walikuwa hai wote watatu, yeye na vibarua wake. Kibarua mmoja alikutwa juu ya mgongo wa mtumbwi uliopinduka. Mdogo wangu na yule mwingine walikutwa mbali kidogo, wamelikumbatia dumu la petroli la lita ishirini, lile la njano. Mafuta yake yote alikuwa ameyamimina kwenye injini alfajiri ile, akaliziba na kulisukumia chini ya ubao ajaze siku nyingine. Hakuna kingine kilichowaweka juu ya maji. Alipopandishwa nchi kavu vidole vyake vilikataa kuachia mshikio, ikabidi mama avikunjue kimoja kimoja.

Nilipiga magoti mbele yake. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alinitazama, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Aliniuliza kama mtu anayeuliza kitu alichokuazima, "Dada, si mlisema shwari?"

Nilisema ndiyo. Nilisema, ndiyo, tulisema.

Kesho yake mkurugenzi alikuja ufukweni na shati lake la Ijumaa, akasimama juu ya mtumbwi uliofunikwa, akawaambia wavuvi kwamba ujumbe wa kwanza ulikuwa wa makosa, kosa ni letu, na anayetaka kujitoa ajitoe. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama vidole vya miguu. Niliamini kampuni imekufa, na nasema kweli, nilipumua. Ningefundisha hesabu sekondari. Ningelala.

Hawakujitoa. Walisema watu wanaoweza kugeuza neno lao mchana kweupe na kuja kukiri, hao ni watu. Mwezi ule waliojiandikisha waliongezeka, wakaja wa vijiji vya rasi, wakaja hata wa ng'ambo ya ghuba. Kampuni ikakua kuliko wakati wowote. Mama akachemsha mwarobaini.

Ilibaki kurudi Mwitongo. Niliahirisha wiki nzima. Nilikuwa namwogopa mwanamke wa umri ule, mwenye macho mabovu, aliyenipa maziwa. Nilipofika nilimweleza kila kitu nikiwa nimeinamia chini: mashine, kikombe cha maji, wingu lililopita, mdogo wangu. Nilimwambia kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeona maji wakati wa kiangazi nikayaandika mvua. Nilimwomba dumu langu, lisipoingia kitu, anirudishie tupu.

Alisugua goti. "Anaishi?" aliuliza.

"Anaishi, bibi."

"Alishika nini?"

"Dumu tupu."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama amenisamehe au nimemvunjia heshima.

Wiki iliyofuata haikunyesha. Bibi alinikabidhi dumu kwa mikono miwili kama siku zote, lakini uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu. Nikafanya jambo ambalo mama angenichapa tena. Nililifungua pale pale mbele yake, nikaligeuza kichwa chini, nikalitikisa. Halikutoa hata tone.

"Asante, bibi," nilisema.

"Hiyo asante yako inaniuma," alisema. Akaingia ndani, akatoka na kibakuli chake mwenyewe, cha bati, chenye maua mekundu yaliyoanza kubanduka, kimefunikwa kwa kitambaa. "Hiki si cha kampuni yenu. Kina karanga. Mpelekee mdogo wako. Na kibakuli changu asinitumie mtu. Akirudishe mwenyewe, kwa miguu yake."

Mdogo wangu alizimaliza karanga zote siku moja. Sasa ana mtumbwi mwingine, wa kukodi, na amerudi majini, kwa sababu hajui kazi nyingine na hataki kuijua. Anasema atakipeleka kibakuli Mwitongo siku akipata sangara wa kumfaa bibi, maana hawezi kukirudisha kitupu. Anawapata, anasema bado hawafai. Kibakuli kiko kwa mama, juu ya kabati, kimegeuzwa kifudifudi kisiingie vumbi.

Kila alfajiri mashine inapotoa jibu nalisoma mara tano, sita. Halafu, kabla sijabonyeza, nampigia mama Makoko, naye anatoka nje na simu sikioni. Namsikia akifungua mlango, namsikia akikohoa kwa baridi ya ziwa. Namuuliza kama mdogo wangu ameangalia juu.

"Ngoja," mama husema. Tunangoja wote wawili. "Haya, ameangalia."

Ndipo natuma.